Kijumba Ndani ya Kijumba

Mwandiko wangu ni wa kuku, na mwalimu wangu wa darasa la tatu aliwahi kulitangaza hilo mbele ya wenzangu. Kwa hiyo madam, mwajiri wangu, aliponiambia nitawasimamia watoto wake kuandika Kichina, nilicheka. Yeye hakucheka. Shule ya kijana wake hapa Riyadh ilikuwa imeanzisha Kichina, naye hakutaka mdogo wake, binti wa miaka sita, aachwe nyuma. Kila Jumamosi dereva alitupeleka Sulimaniyah, kwenye chumba kilicho juu ya duka la miwani, ambako mama mmoja wa Kichina alifundisha. Mimi nilikaa nyuma na mikoba yao, nitazame, ili katikati ya juma niwarudishie somo.

Nilijifunza kwamba kila mstari una zamu yake. Ukiukosea zamu, mwalimu anafuta neno zima, hata kama limetokea zuri. Uchokozi mtupu, nilidhani.

Yule binti hakuandika mpaka nimshike mkono. Nilimpakata kwenye meza ya jikoni, kiganja changu juu ya chake, penseli ikaenda. Nilimpenda, siwezi kukana. Lakini binti yangu mwenyewe alikuwa Voi, kwa mama yangu. Nilimwacha akiwa na miaka mitatu, nikamwahidi kwamba akianza kuandika, mimi ndiye nitakayemshika mkono. Mkataba wangu ulikuwa wa miaka miwili, na sasa ilibaki miezi miwili tu.

Siku moja likaja neno linalomaanisha kurudi: kijumba kidogo ndani ya kijumba kikubwa. Niliwafundisha nilivyoona ni akili. Chora kikubwa, kifunge, halafu tia kidogo ndani. Tulijaza ukurasa mzima. Jumamosi mwalimu aliufuta wote, akinitazama mimi, si watoto.

"Ukishafunga mlango," alisema kwa Kiarabu chake cha polepole, "wa ndani ataingilia wapi?"

Kumbe unachora kuta na paa, unaacha chini wazi, unamwingiza wa ndani, ndipo unafunga. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Jioni hiyo nilimpigia binti yangu simu ya video nikamweleza jinsi kinavyochorwa, naye akacheka sana kusikia mama yake amefutiwa kazi.

Likizo ilipofika tulishuka Jeddah, kwa mama mzazi wa mume wa madam, mtaa wa Baghdadiyah. Huko madam aliniita sebuleni.

"Kaa mwaka mmoja zaidi, halas, basi. Watoto wamekuzoea. Nani atawashika mkono?"

Nyumba ninayomjengea mama yangu ilikuwa haijaezekwa. Nilikubali. Nilijichukia kwa jinsi nilivyokubali haraka.

Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana, nilipanda juu ya paa la nyumba na simu ili nimwambie binti yangu mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo, alinionyesha daftari. Ukurasa ulijaa vijumba vya kupinda, kuta na paa tu. Ndani hamna kitu, na chini wazi.

"Mbona hujamaliza?" nikamuuliza.

"Wa ndani hajafika, Mum. Nakungoja wewe."

Nilisema jua limeniingia machoni. Nilimsifu, nikakata simu bila kumwambia lolote.

Nilimwambia Ijumaa iliyofuata, maana mama yangu alisema asipolisikia kwangu atalisikia kwa jirani. Hakulia. Aliuliza mwaka mmoja una Ijumaa ngapi, nikamwambia ni nyingi. Akaiegemeza simu kwenye kitu, nikawa naona dari tu, na kusikia penseli ikikwaruza karatasi. Nilimwita mara mbili, penseli ikaendelea.

Kisha akalileta daftari karibu na kamera. Alikuwa amevifunga vijumba vyote, vikiwa vitupu.