Ufa mmoja katika chumba cha shangazi

Mchwa wamekula matofali ya udongo, na ukuta wa chumba cha shangazi sasa umeshikwa na lipu tu. Amesema fundi Ilunga leo, nyumbani kwangu Kampemba.

Nilimwita azibe ufa kabla ya mvua. Kila kiangazi tunaziba, tunapaka rangi, tunasahau.

Aligonga kwa mpini wa mwiko. Ukuta ukalia kama debe tupu.

Akabandua kipande kidogo. Vumbi likamwagika, halikukoma.

(Nilirudi nyuma bila kuambiwa.)

"Papa, hapa hakuna kuziba. Tutoe yote, tujenge mupya. Na ule mama atoke leo."

Ule mama ni shangazi Masika, aliyekimbia vita Kivu. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta huo huo.

Shangazi akakikalia. "Nyumba moja nilishaikimbia. Hii sitoki."

"Mama, hii ukuta haitakuuliza mbele ya kuanguka!" fundi akamwambia.

Tukabeba kitanda naye akiwa juu, polepole, tusiuguse ukuta. Fundi alicheka.

Sasa yuko sebuleni, amenipa mgongo. Ninyi mngemwambia nini?

Mawingu yameanza upande wa Kasapa. Tunabomoa Jumamosi.