Voliboli South Coast: jinsi chairman wetu alivyorudi kitini kwa "Amin"

Wakuu, hamjambo humu ndani? Haya niliyashuhudia nikiwa pale pale kikaoni. Nikitia chumvi, watu wa Ukunda wamo humu, wanisute.

Mimi ni mtu wa bara, nafanya kazi ya laundry kwenye hoteli moja Diani. Jioni napuliza filimbi, ni refa wa voliboli. Nimo kwenye chama chetu cha South Coast, ambako kila mtu anajitolea. Hakuna mshahara, na nauli ni yako.

Sasa niulizeni mtu anang'ang'ania nini kwenye kiti kama hicho.

Sijui! Lakini Mzee Bakari, chairman wetu, amekikalia tangu nilipofika pwani nikiwa bado na nywele kichwani.

Kazi yake kubwa ni kusema "mambo yako mbioni". Ligi ya wasichana imesimama misimu miwili, ukiuliza, wavu uko mbioni. Haki ya nani, huo wavu nimeuona kwake Mkongani, umezungushwa kwenye shamba la mihogo ili mbuzi wasiingie.

Mwaka huu akajitokeza kushindana naye Bi Mwanakombo, kocha wa wasichana wa Kibuyuni. Asubuhi wako baharini kwenye mwani, alasiri wako mchangani wanaruka. Timu ya Pwani huchaguliwa kutoka kwenye ligi. Bila ligi hakuna wa kuwaona, na kwa wengine huu ndio mwaka wa mwisho kwa umri.

Mama wa watu alikitaka kiti kwa sababu hiyo tu. Kura alikuwa nazo, sote tulijua.

Siku ya AGM, mkutano wetu wa mwaka wa uchaguzi, tukakutana kwenye darasa moja huko Waa. Chairman akasema tuanze kwa dua. Kwa kawaida humwita maalim wa jirani. Siku hiyo akasimama shemeji yake.

Jamaa akaanza vizuri. Mvua inyeshe, amin. Wagonjwa wapone, amin. Waliotangulia mbele ya haki warehemiwe, amin. Macho tumefumba, mikono juu, hata sisi Wakristo tunaitikia, ndiyo adabu ya huku.

Kisha bila hata kupumua: "Na umrudishe kiongozi wetu kitini, umpe muhula mwingine wa afya na baraka."

"Amiiin!" Darasa zima!

Tukapangusa nyuso. Katibu akasimama: "Ahsanteni wajumbe. Mwenyekiti mmempitisha kwa kauli moja. Twende ajenda inayofuata."

Nilicheka, nikidhani ni utani.

Mjumbe wa Msambweni akauliza kura zitapigwa saa ngapi. Katibu akamjibu kwa upole wa kuudhi, "Ndugu yangu, kwani wewe hukuitikia? Au unataka kuikana dua?"

Nani atasimama aikane dua? Wakuu, nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Watu wazima tumeibiwa uchaguzi tukiwa tumefumba macho!

Bi Mwanakombo alisubiri ajenda zote ziishe. Mwishoni akanyoosha mkono. "Shikamoo mwenyekiti. Naomba nifunge mimi kwa dua."

Wazee wawili wakakunja uso, mwanamke tena? Lakini chairman alikuwa anaelea kwa furaha. "Marahaba mwanangu. Mwacheni afunge."

Akashukuru, akatuombea safari njema. Kisha: "Na umjaalie mwenyekiti wetu aufungue ule wavu wa Mkongani, ligi ya wasichana ianze Jumamosi hii. Na yeyote atakayeizuia, Mola..."

Akaishia hapo. Hakumalizia.

Amin ilitikisa mabati. Macho yote yakamgeukia chairman. Midomo ikacheza, jasho likamtoka.

"Amin," akasema, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Katibu, andika," Bi Mwanakombo akasema. "Imepita kwa kauli moja."

Jumamosi wavu ulikuja, unanuka mbuzi. Filimbi nilipuliza mimi. Wasichana wawili wa Kibuyuni wamechaguliwa timu ya Pwani, na chairman yuko katikati ya kila picha, anakenua meno. Kiti bado anacho, na hilo linaniuma hadi leo.

Nilichojifunza: kura zipigwe kwanza, ndipo tuombe. Huko kwenu viongozi wa michezo mnawatoaje? Leteni mbinu, maana wetu ameshatangaza kwenye group kwamba kikao kijacho dua itakuwa ya kimya.