Fundi Kimya na Sauti Inayokatwa Hewani

Saa moja asubuhi, "tk" ndogo inapita kwenye spika ya chumba cha mitambo. Fundi wa kompyuta wa kituo hiki cha redio, ambaye wenzake humwita Kimya, anakunja uso. Nyuma ya kioo msomaji wa habari ametamka "wakulima". Hewani kumetoka "waku...ma".

"Leo tena bibi kameza maneno!" dereva wa kituo anacheka mlangoni.

"Hajameza kitu," Kimya anamjibu bila kugeuka. "Kakatwa."

Msomaji huyo, Shangazi kwa kila kijana hapa, alianza kusoma habari kabla Kimya hajazaliwa. Sasa wasikilizaji wanapiga simu kuuliza kama anaumwa. Meneja amempa hadi mwisho wa mwezi ajirekebishe, la sivyo aondoke.

Kosa ni la kompyuta inayorusha matangazo. Ina prosesa nne, yaani bongo nne za kufanyia kazi, lakini kila kifaa kinachopiga hodi kutaka huduma kinafunguliwa mlango na prosesa ile ile moja. Watu wanaoweka video za kituo mtandaoni wakipakia picha, mtandao unabisha hodi mfululizo, sauti inabaki mlangoni. Hapo ndipo silabi zinapopotea.

Wiki iliyopita Kimya aliingia ndani kabisa ya mfumo, akagawa kazi: hodi za mtandao zipokelewe na prosesa ya tatu, za sauti ziachiwe ya kwanza peke yake. Habari zikatoka safi. Video zikachelewa kidogo, meneja akaagiza arudishe kama zamani.

"Najua si kosa la Shangazi," meneja alimwambia Kimya. "Lakini video ndiyo inaleta wadhamini. Na yeye, mwanangu, si wa kustaafu tu?"

"Alisema kama mtu anayeomba chumvi," Kimya anamsimulia dereva. "Nilitoka na hasira."

Taarifa imekwisha. Shangazi anatoka studio, miwani mkononi.

"Nimekosea tena, eh? Labda ni haya meno. Nyumbani nasoma mbele ya kioo, mjukuu ananicheka."

Meneja yupo pale pale, kikombe mkononi. Siku zote Kimya humpa Shangazi maji na kuinamisha kichwa. Leo anakaa kwenye kompyuta, anairudishia sauti prosesa yake. Anapanga kufanya hivyo kila asubuhi, hata wakimfukuza.

Kisha anageuka.

"Shangazi, hujakosea hata neno moja. Ni mashine. Na huyu hapa anajua."