Kibano cha Penseli

Baridi yabisi ilianzia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, nami nikaiona ni inda tu. Ya nini kuchagua hicho, na vingine vipo tele? Mpiga gitaa hukilaza hicho hicho juu ya nyuzi zote sita, akazibana kwa pamoja, ndipo aweze kupanda na kushuka na mwimbaji. Changu kikawa hakilali tena. Nikikilaza kwa nguvu, nyuzi zinakoroma.

Nikajitengenezea kibano: kipande cha penseli, nikakifunga shingoni mwa gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli niliouokota nje ya soko la Marikiti. Penseli ikabana badala ya kidole, nami nikabaki na mikao mitatu minne ya vidole, ile rahisi. Kwa kupiga nyumbani yatosha sana. Lakini tangu mke wangu atangulie mbele ya haki, kilichokuwa kikinitoa nyumbani ni kikundi chetu cha taarabu tu, hapa Mji wa Kale. Nikitoka humo sikuwa na pengine pa kwenda.

Tabu ni kwamba kwenye harusi zetu wimbo haukatwi. Wanawake wakishainuka kucheza, mwimbaji huingia wimbo wa pili kabla wa kwanza haujapoa, na kila akiingia hupandisha sauti. Ili nipande naye, sharti niifungue penseli niisogeze mbele shingoni; nipate wapi mwanya?

"Usijitie dhiki, kaka," mwimbaji wetu aliniambia. "Wewe piga papo hapo ulipo. Mimi ntakufuata."

Akanifuata, harusi baada ya harusi. Mimi, mjinga, nikawa najisifu kwamba nimeishinda baridi yabisi kwa penseli. Mpaka alasiri moja, nyanya yake bwana harusi alipomwita mwimbaji kando, karibu na kiti changu.

"Mwanangu, ile sauti yako imekwenda wapi? Leo waimba kama mtu alofungwa."

"Ni mafua tu, bibi."

Hakuwa na mafua. Niliona haya hata kahawa niliyoletewa ikanishinda kunywa.

Tulipokuwa tukikunja nyaya za spika, nikamwambia atafute mpiga gitaa mwingine. Nilisema huku nikitaraji abishe, japo kwa adabu, nami nijifanye nimelazimishwa kubaki. Ndivyo tufanyavyo huku kwetu. Yeye alishusha pumzi, akakaa juu ya spika.

"Ahsante, kaka," alisema. "Sikujua ningekwambiaje."