Soksi za sufu zilivyomfundisha Wytske kuchora njia ya hewa

Ni saa nne asubuhi. Kahawa imeshamiminwa na keki yenye sukari ya rangi ya waridi juu yake imeshakatwa. Katika sebule ya nyumba ya wazee ya Iepenhiem, kijijini Aldeburum, Wytske Haanstra amesimama juu ya kigoda, mkononi ameshika kijiti kinachotoa uzi mwembamba wa moshi mweupe.

Wazee wameacha vikombe vyao. Wote wanaufuata moshi kwa macho.

Moshi haukimbii. Unajilaza kidogo juu ya meza, unapita karibu na nywele nyeupe za bibi mmoja aliyeshika sindano za kufumia, kisha unanyanyuka taratibu mpaka darini na kuzama kwenye tundu la kutolea hewa.

"Binti, leo umekuja kutukausha kama samaki?" anauliza Sjerp Wiersma, mfugaji mstaafu mwenye umri wa miaka 86, kutoka kiti chake cha dirishani.

"Wewe ulishakauka zamani, babu," anajibu Wytske bila kugeuka. "Hebu nyamaza kwanza, unanipulizia moshi wangu."

Sebule nzima inaangua kicheko. Sjerp mwenyewe anacheka kuliko wote, mpaka muuguzi Rixt anamwondolea kikombe asije akajimwagia.

Kazi ya Wytske, mwenye umri wa miaka 49, ni kuchora mifumo ya kupitisha hewa kwenye majengo. Kwa zaidi ya miaka ishirini amechora mabomba ya hewa ya majiko ya hoteli, mabwawa ya kuogelea na ofisi ambazo hajawahi kurudi kuziona. Si kazi ya kumpa mtu jina. Mabomba yenyewe hufichwa juu ya dari, na mchoraji hukumbukwa siku yanapopiga kelele.

Anaishi mjini Leeuwarden na mumewe, Auke, dereva wa lori la maziwa. Anakwenda kazini kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe. "Hatulali njaa na hatuna makuu," anasema. "Nikiulizwa kwenye sherehe nafanya kazi gani, nikijibu tu, watu wanaenda kuongeza kinywaji."

Hewa aliyokuwa akiichora ilikuwa hewa ya watu asiowajua. Hilo lilibadilika mwaka ule wa korona.

Baba yake, Gosse, aliyegawa barua vijijini maisha yake yote, alikuwa amehamia Iepenhiem, upande wa mashariki. Ugonjwa ulipoingia katika upande ule, milango ilifungwa kwa wageni wote. Wytske na mama yake, Baukje, wakawa wanakwenda kusimama kwenye bustani ya maua, nje ya dirisha, wakimpungia mkono.

Siku moja Wytske aliangalia kioo badala ya kumwangalia baba. Kilikuwa kinatoka jasho kwa ndani. Matone yalikuwa yakiteremka hadi chini na kujaa kwenye kingo za dirisha.

"Nilielewa palepale, maana ndiyo kazi yangu," anasimulia. "Yale maji yalikuwa pumzi za watu. Zilikuwa hazina pa kwenda. Nikajiambia, hawa wazee wanapokezana pumzi kama watu wanaokunywa kikombe kimoja."

Jengo lilikuwa limekarabatiwa miaka michache kabla ili kupunguza gharama za gesi. Madirisha mapya yaliwekwa, nyufa zikazibwa, joto likabaki ndani. Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Lakini nyumba iliyokuwa ikipumua kupitia nyufa zake ikawa kama chupa iliyotiwa kizibo, na aliyekohoa chumbani, kikohozi chake kilibaki na wenzake mpaka jioni.

Gosse alifariki majira yale ya kuchipua. Katika upande ule walikuwa wakiishi wazee kumi na sita, na tisa kati yao walikufa.

Baukje hakuruhusiwa kuingia kumshika mkono mumewe. Waliporudi kutoka makaburini, watu wachache, kila mmoja amesimama mbali na mwenzake, alivua glavu zake na kumwambia binti yake neno moja tu.

"Mule ndani mimi hamtanipeleka. Hata nikifika mahali sijui jina langu, msinipeleke."

Wytske hakubishana naye. Alikwenda kwa mkurugenzi wa nyumba ile, Jelmer Talsma, akamwomba amruhusu achore upya njia ya hewa ya upande wa mashariki. Talsma, ambaye alikuwa amehudhuria mazishi yote tisa, hakuuliza maswali mengi. Kilichochelewesha kazi ni vibali na fedha. Mwajiri wa Wytske alikubali kupunguza bei, na yeye mwenyewe akawa anachora Jumamosi kwenye meza ya jikoni huku Auke akikaanga mayai.

Wazo lake halikuwa gumu kulieleza. Hewa safi kutoka nje inachujwa na kupashwa joto na ile inayotoka, bila hewa hizo mbili kuchanganyika. "Ni kama watu wawili wanaopishana mlangoni," anasema. "Anayetoka anamwachia koti anayeingia." Kisha hewa inaingia chini chini, bila haraka. Miili ya watu ina joto, hivyo inainyanyua yenyewe, na pumzi ya kila mtu inakwenda juu kabla ya kumfikia jirani yake.

Kwenye karatasi ilipendeza. Mfumo ulipowashwa, vipimo vyote vilikuwa sawasawa, na Talsma alileta keki.

Baridi ya kwanza ilipopiga, Rixt alimpigia simu.

"Dada, njoo uione mashine yako. Inanguruma kama ng'ombe anayezaa, na sebuleni bado kunanuka supu ya juzi."

Wytske alikwenda akapiga magoti na kufungua tundu la kwanza ukutani. Akavuta soksi ya sufu. La pili, soksi nyingine. La tatu lilikuwa na kofia ya kufunikia birika la chai, na la nne nusu ya skafu, imekatwa kwa mkasi vizuri kabisa ili itoshe.

Wazee walikuwa wamekodolea macho magazeti. Wengine walikuwa wameyashika juu chini.

"Soksi za nani hizi?" aliuliza.

"Zangu," alijibu Sjerp Wiersma. "Na usizichafue, alizifuma marehemu mke wangu."

"Mzee Wiersma, wewe umefuga ng'ombe miaka yote hiyo. Bandani kwako ulikuwa unaziba matundu ya hewa?"

"Una wazimu? Ndama wote wangekohoa wakafa."

"Sasa mbona hapa umeziba?"

"Kwa sababu ndama hana baridi yabisi ya shingo!"

Wytske anasema alicheka kama wengine wote. Kisha alikwenda kwenye gari la kazini, akafunga mlango na kulia. Aliona kila kitu kimekwenda bure: michoro, Jumamosi zake, ahadi aliyojipa mbele ya lile dirisha kwamba pumzi za wazee zitapata pa kwenda.

Kidogo akasikia kioo cha gari kikigongwa. Sjerp alikuwa amemfuata na kigari chake cha kutembelea, bila koti.

"Unalia nini sasa? Mimi sijasema kazi yako mbaya. Nimesema baridi. Njoo ukae kwenye kiti changu mpaka supu iletwe, halafu uniambie mimi mwongo."

Alikaa. Mwanzoni hakusikia kitu. Baada ya muda akahisi kibaridi kimetambaa kisogoni na kuganda pale, mfano wa mtu aliyesimama nyuma yako akikupulizia makusudi. Supu ya njegere ilipoletwa, alikuwa amekunja mabega mpaka masikioni.

"Kwa miaka yote hiyo nilikuwa naipima hewa," anakiri. "Sikuwahi kukaa ndani yake. Mzee wa miaka themanini na kitu anakaa mahali pamoja kutwa nzima. Ukimpa hewa safi inayomtesa, ataiziba, na mimi ningeiziba."

Alirudi kwenye meza ya jikoni. Safari hii hakuanza na vipimo. Alianza na viti: nani anakaa wapi, nani hasikii sikio gani, nani analala baada ya chakula kichwa kimeegemea ukuta. Matundu ya ukutani akayaacha, badala yake akatumia mabomba ya kitambaa yanayopita juu, kandokando ya chumba, yenye vitundu vidogo kama vya sindano kila mahali. Hewa ileile, ila sasa inavuja polepole kutoka kila upande, huisikii wala huihisi.

Sampuli ya kwanza ilikuwa ya kijivu. Bibi Hiske Poelstra, fundi cherehani mstaafu mwenye miaka 93, aliishika kwa vidole viwili.

"Mwanangu, huu si utumbo wa ng'ombe? Mnataka ninywe chai chini ya utumbo?"

Alileta kitabu chake cha vipande vya vitambaa, wazee wakapiga kura. Ikashinda kijani iliyokolea, na Hiske akasimamia mshono mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeziba kitu.

Mtihani wenyewe ulikuja Januari iliyopita, siku ya kuzaliwa ya Sjerp. Viti vilipangwa duara kama kawaida, kila mgeni akampongeza kila mtu kama ilivyo desturi, keki ikazunguka. Mdogo wake Sjerp alikuja kutoka mji wa Drachten. Alikuwa na kikohozi kidogo ambacho alisema ni cha vumbi. Aliimba, alicheka, alikaa mpaka jioni. Kesho yake akalazwa kitandani kwake na homa kali ya mafua.

Talsma alimpigia Wytske simu kabla hata ya kuwapigia ndugu wa wazee.

"Ni duara zima," alimwambia. "Wote walikuwa humo humo."

Wytske anasema siku zilizofuata alifanya kazi lakini hakumbuki alichora nini. Kila simu ilipolia aliacha kalamu. Auke alikuwa akimwekea chakula, anakikuta kama alivyokiweka.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa jirani wa kiti cha mgeni. Kisha wa pili, wa tatu. Wa nne alikuwa Bibi Hiske. Wauguzi walisubiri wa tano. Hakutokea.

Watatu walipona. Bibi Hiske hakupona.

Daktari wa nyumba ile, Nynke Terpstra, hataki kutia chumvi. "Huu haukuwa ugonjwa ule wa mwanzo, na wazee wengi walikuwa wamechanjwa," anasema. "Siwezi kukuambia ni hewa peke yake. Ninachoweza kusema ni kwamba nimeona mafua yakiingia kwenye sebule kama ile, na sijazoea yaishie kwa wanne."

Kwenye mazishi ya Hiske, Wytske alikaa benchi la nyuma. Alikuwa akiirudia kichwani ile kona aliyokaa marehemu: labda bomba lilikuwa fupi, labda kiti kilisogezwa ili duara litimie. Sjerp alimwona, akaja polepole na kukaa kando yake.

"Najua unachokifikiria. Kiache."

"Babu, alikuwa chini ya bomba langu."

"Alikuwa na miaka tisini na mitatu na moyo uliochoka. Halafu yeye ndiye aliyembusu mdogo wangu mashavuni, mara tatu, na ya tatu aliongeza kwa uchokozi wake. Hewa yako inazuia busu?"

Wytske alitikisa kichwa.

"Basi. Na Hiske mwenyewe asingekubali uizuie."

Hata hivyo alirefusha bomba la ile kona. Ndiyo maana leo yuko juu ya kigoda na kijiti chake cha moshi, anahakikisha.

"Kazi hii haina shukrani, na simlaumu mtu," anasema akishuka. "Mtu ambaye hakuugua hajui kwamba hakuugua. Nani atakuja kunishukuru kwa homa ambayo haikumpata?"

Mtu mmoja alikuja, ingawa hakutamka shukrani. Baada ya mazishi ya Hiske, kahawa ya wafiwa iliandaliwa hapahapa sebuleni, na Baukje, aliyekuwa rafiki ya marehemu tangu usichana, aliingia Iepenhiem kwa mara ya kwanza tangu mumewe afe. Alikaa akitazama yale mabomba ya kijani. Kisha akamuuliza binti yake hewa yenyewe inatokea wapi, mbona yeye haisikii.

"Ndivyo inavyotakiwa, mama," Wytske alimjibu.

Wiki chache baadaye Baukje alianguka kwenye ngazi za nyumba yake. Hakuvunjika, lakini alilala sakafuni mpaka jirani aliposikia. Wytske hakumtajia Iepenhiem. Mama ndiye aliyeanza.

"Kile chumba cha baba yako, kina mtu?"

Atahamia humo baada ya Pasaka. Wytske sasa anachora mfumo wa shule ya msingi ya kijiji, ambako baridi hii watoto walikuwa wakipeana mafua darasa kwa darasa, na baada ya hapo anataka kuomba achore upande wa magharibi wa Iepenhiem, ambao bado una yale madirisha yasiyopitisha hewa. Amekwishaongea na Talsma. Fedha bado zinatafutwa.

Na mama yake? Wytske anafuta mikono, anatazama kiti kitupu kilichosogezwa karibu na dirisha kumsubiri, halafu anatabasamu.

"Kahawa ya hapa ni nyepesi, namjua, atailalamikia. Atalalamikia majirani, atalalamikia mchezo wa bingo. Natamani alalamike miaka mingi sana," anasema. "Mtu anayelalamika ana pumzi."