Funda la Mtu wa Jibondo

Kwa miezi mitatu nilijipima uzito kabla na baada ya kila zoezi, nikajua jasho linanipunguzia maji kiasi gani. Siku ya mbio za kutoka Kanga hadi Kilindoni nilibeba chupa nne za maji yenye chumvi na sukari. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alibeba kichupa kimoja.

Yeye alikulia Jibondo, kisiwa kisicho na maji matamu, ambako watu waliletewa maji ya kunywa kwa mashua. Alipiga funda dogo, akakaa nalo mdomoni hatua nyingi, ndipo akalimeza. Sikumwona akihema. Nilimwonea wivu hata nikamwombea kiu. Ili nimshinde, nikamaliza chupa ya tatu kabla ya wakati wake.

Tumbo likavimba, maji yakawa yanachezacheza ndani.

“Shemeji, umemeza kisima?” aliniuliza akinipita. “Nakusikia tangu kule nyuma!”

Nikatapika kando ya barabara. Akarudi, akaninyooshea kichupa chake.

“Weka funda moja mdomoni. Usimeze upesi.”

“Nenda zako, mimi mzima.”

Nilingoja apotee kwenye kona, ndipo nikafungua chupa yangu ya nne na kufanya alivyosema. Tumbo likatulia, na hilo likaniuma kuliko kutapika.