Mkono Juu ya Kichwa cha Binti Yangu

Kwetu Waarusha, mtoto akimwamkia mzee huinamisha kichwa, naye mzee humgusa utosini. Binti yetu wa mwisho hakuweza. Akiguswa kichwani alipiga mayowe na kukimbilia uvunguni mwa kitanda.

"Kaka, huyu umemdekeza," dada yangu alisema kila alipotutembelea kutoka Nduruma. "Hata ng'ombe wako wana adabu."

Daktari alituambia ni usonji. Mimi na mke wangu tulipiga magoti tukaomba subira, na Mungu alitupa, ingawa si yote kwa mara moja.

Nilidhani akikua yataisha. Yalibadilika tu. Alipokuwa msichana mayowe yalikoma, lakini akitoka kanisani alinyamaza hadi jioni. Mafundisho ya kipaimara aliyajua yote kwa moyo. Hofu yetu ilikuwa siku yenyewe, mchungaji atakapomwekea mkono kichwani mbele ya usharika wote. Angekimbia, wenzake wangekwenda kwenye Meza ya Bwana bila yeye.

Nikampeleka kwa mchungaji, nimwombe ambariki kwa mbali. Kabla sijafungua mdomo, binti akasema, "Shikamoo, Mchungaji. Usiniguse juu juu tu, kunawasha kama upupu. Nikandamize kama ndoo ya maji."

Nilishangaa. Ndoo aliibeba kichwani kila siku, na hakuna aliyewahi kuwaza hilo, hata mimi baba yake.

"Ndoo kubwa au ndogo?" mchungaji akauliza.

"Kubwa."

Jumapili ya kipaimara mchungaji alimkandamiza kwa nguvu zake zote. Binti yangu alitulia. Mke wangu alilia kwa sauti, wala sikumnyamazisha.

Leo ni mwanamke mzima, anauza maziwa hapa Sekei. Kwaya ikiwasha spika bado anaweka pamba masikioni, na kwenye sherehe anakula peke yake. Krismasi iliyopita watoto wa ukoo walimjia kumwamkia. Kabla ya kumgusa kila mmoja, binti yangu aliuliza, "Ndoo kubwa au ndogo?" nao wakacheka wakichagua.

Mjukuu wa dada yangu alisema shikamoo, kisha akarudi nyuma. Mama yake akaanza kumvuta.

"Mwache," binti yangu akasema. "Marahaba, mwanangu. Nimekusikia."

Dada yangu, aliyekaa karibu nami, akaniinamia.

"Kaka, huyu ana adabu kutushinda sisi."

"Hata ng'ombe wangu amewashinda," nikamjibu.